Mawe Tuliyomwachia Okota

Vijana wa usukani, nimeshakabidhi funguo. Gari langu la mwisho lilikuwa na kiyoyozi na kiti cha kupanda na kushuka kama cha kinyozi, na mgongo ukaendelea kuniuma vilevile. Mmeniomba niwaandikie nilivyofanya kazi. Haya, nitaandika. Mambo ya vyeo sahauni, dereva wa lori akipanda ni mlima tu. Nitawaeleza habari za mwenzetu mmoja, na nawaonya mapema kwamba sisi wengine hatutoki humu na sifa yoyote.

Siku yangu ya kwanza niliingia yadi ya tajiri wetu pale mtaa wa Unga Limited nimevaa shati la kanisani, maana mama yangu kule Machame alisema kazi ya mjini inaanza na shati. Msimamizi akaniangalia kuanzia kola mpaka viatu, akasikitika. Akasema, "Wewe utapanda na Okota, akufundishe." Nikauliza Okota ni yupi. Akanionyesha miguu miwili iliyochomoza chini ya tela.

Akatoka mtu mfupi, Mmeru, amevaa sweta ambalo rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Hakuniuliza leseni. Alinipa nyundo akaniambia nigonge matairi. Nikagonga la nje, likalia vizuri. Akasema nigonge la ndani.

"Hilo nalo linasemaje?"

"Limejaa, mzee."

"Limejaa wapi! Wewe una haraka ya kuondoka, ndiyo maana umelisikia limejaa. Gonga tena."

Nikagonga tena, na kweli lilikuwa limekufa. Mpaka nastaafu nilikuwa nagonga matairi kwa nyundo, na vijana wenye vipimo vya upepo wakinicheka niliwaacha wacheke.

Mambo mengi nilifundishwa na yule bwana. Kwamba mlima unaushuka kwa gia ileile ambayo ungeupandia. Kwamba turubai linafungwa wakati bado huoni wingu. Kwamba ukifika kwa mama lishe unaegesha gari pua ikiangalia barabara, hata kama unaona aibu kulizungusha mbele ya watu. Hayo na ninyi mmefundishwa, au mlipaswa kufundishwa.

Ila alikuwa na jambo moja la kwake peke yake. Mnajua gari likikuharibikia mlimani mnavyofanya. Tingo, msaidizi wako, anaruka, anatafuta mawe, anayaweka nyuma ya tairi lisirudi. Anakata matawi, anayatandika barabarani ili wanaokuja wajue kuna gari bovu mbele. Mnatengeneza, mnawasha, gari linaanza kujikokota kupanda, na hapo hakuna mwendawazimu wa kulisimamisha tena. Tingo anadandia, mnaondoka. Mawe yanabaki. Sote tuliyaacha, na mimi niliyaacha, na wewe unayesoma hapa usijifanye malaika.

Okota hakuyaacha. Vigingi vyake vya kuzuia tairi vilikuwa vya mbao, alivichonga mwenyewe, na kila kimoja alikifunga kamba kwenye tela. Gari likiondoka, linaondoka na vigingi vyake vikiburuzwa nyuma mpaka afike pa kusimama. Hilo tungelivumilia. Lakini alikuwa anaokota na mawe ya wengine! Mko kwenye mwendo mzuri, mzigo umetulia, ghafla Okota anawasha taa za tahadhari, anasogea pembeni, anashuka, anayaviringisha mawe mpaka mtaroni. Safari yangu ya kwanza kwenda Dodoma tulisimama mara nyingi kiasi kwamba nilidhani mzee ana ugonjwa wa tumbo.

Nikamuuliza kwa nini anahangaika na mawe ya watu. Akasema, "Jiwe halijui kwamba gari limeshapona. Lenyewe linaendelea na kazi." Akaingiza gia tukaendelea.

Hapo ndipo jina lilipotoka. Kule kazini hakuna aliyeitwa kwa jina la ubatizo. Mimi niliitwa Taratibu, kwa sababu ya mwendo wangu. Yule Mwarusha mwenye hasira zinazochemka kwa muda mfupi tulimwita Rejeta. Mwingine, mtu wa Kondoa, siku ya kuanza kazi alikuja na suti nyeupe, akabaki Bwana Harusi mpaka mvi zikamtoka. Hata karani wa mshahara alikuwa anachungulia dirishani anaita, "Okota! Rejeta! Njooni!" Nimeendesha na watu hawa tangu nikiwa kijana, nimekula nao, nimelala nao chini ya tela kule Tunduma, na sikuwahi kuwauliza majina yao. Ungemuuliza mtu jina lake, angedhani umetumwa na polisi.

Tulimtania Okota mno. Ukimkuta barabarani ameinama, unapiga honi, unatoa kichwa dirishani unapiga kelele, "Okota! Serikali inakulipa bei gani kwa kila jiwe?" Utani huo aliutunga Rejeta, na alijivunia kama shairi. Basi kila dereva wa yadi yetu akipita aliusema, na tingo wake juu ya mzigo akacheka.

Ikafika siku ya Bereko. Tulikuwa magari manne, Okota wa mwisho, yuko mbali nyuma, tunaelekea Kondoa enzi hizo barabara bado ni vumbi. Rejeta akatusimamisha chini ya mlima wa Bereko. "Leo tumpe kazi," akasema. Tukapanga mawe kila kona, kuanzia chini mpaka kileleni, makubwa ya kubebwa na watu wawili. Kisha tukaenda Kondoa mjini, tukaagiza wali na nyama, tukakaa kumsubiri.

Alichelewa sana. Alipofika alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kope. Hakuja mezani kwanza. Alizunguka magari yetu yote matatu, akachungulia chini ya kila moja. Halafu ndipo akaja, ameshika dumu la maji. "Nani aliharibikiwa?" akauliza. "Nimeona mawe kila kona, nikasema breki zimemshinda mtu. Nimekuwa nikishuka kuchungulia korongoni."

Rejeta alipaliwa na wali. Tulicheka mpaka mama lishe akatoka jikoni na mwiko. Okota alipoelezwa, naye akacheka kidogo. Akasema, "Basi namshukuru Mungu ni mchezo." Akanawa, akaketi kula. Kile kicheko chake sisi tukakihesabu ni ruhusa, na hadithi ya Bereko tukaigeuza wimbo.

Okota alistaafu kabla yetu. Siku hiyo tulikuwa njiani wote, kila mtu na mzigo wake. Tuliporudi tulikuta sweta lake halipo kwenye msumari na vigingi vyake viwili ameviacha kwenye gari langu. Tukasema amekwenda kwao mlimani. Kwao wapi hasa, hakuna aliyejua. Meru ni kubwa, bwana.

Na sisi tukastaafu, mmoja baada ya mwingine. Siku hizi tunakaa kwenye baraza la duka la spea la Kaaya, kijana mmoja Mmeru mwenye subira, palepale Unga Limited. Tunakunywa chai, tunasikiliza injini zinazopita, tunabishana ipi ina tatizo gani. Kazi yetu kubwa ni kuwazungumza tuliofanya nao kazi, na niseme ukweli, kati yao wote tuliyempenda kumzungumza ni Okota. Haikupita wiki bila Bereko. Rejeta alikuwa haielezi tu, anaicheza. Anainuka, anainama, anaviringisha jiwe ambalo halipo, anachungulia chini ya gari ambalo halipo.

Sasa siku moja asubuhi, Kaaya ametoka kufuata mzigo wa duka, Rejeta yuko katikati ya Bereko, ameinama kabisa, akatokea binti mmoja wa makamo amejifunga kitenge cha kijani kichwani.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unatafuta spea gani?"

"Sitafuti spea, baba. Natafuta madereva wa zamani wa malori. Baba yangu anaumwa sana, na anawaulizia wenzake. Anaitwa Zefania Mbise."

"Mbise!" Bwana Harusi akasema. "Mwanangu, akina Mbise kule kwenu ni wengi kama migomba. Alikuwa kampuni gani?"

"Sijui, baba. Nilikuwa mdogo. Najua alikuwa anaenda Dodoma na Mbeya, na gari lilikuwa la bluu."

"Yote yalikuwa ya bluu. Ana jina lingine?"

"Hapana. Nyumbani ni hilo tu."

Rejeta alikuwa bado ameinama na jiwe lake la hewani, anamsubiri binti aondoke ili amalizie. Ndipo mimi, mtu mzima, nikafungua mdomo. Nikasema, "Mwanangu, sisi tulimjua kila dereva aliyepita barabara ile. Huyo hatukuwa naye. Jaribu kule yanapoegeshwa malori ya mizigo, labda watamjua."

Akasimama kidogo. "Anasema wenzake wakisikia tu, watakuja," akasema.

"Mpe pole sana," nikamwambia.

Akatushukuru. Hakuwa amevuka hata barabara Rejeta alipofika penye dumu la maji, na sisi tukaangua kicheko kama kawaida. Nilimwona akigeuka kutuangalia. Nilidhani anaangalia magari.

Zikapita wiki kadhaa. Kaaya hakufungua duka siku mbili, alikuwa amekwenda kwao Ngarenanyuki, nyuma ya Momela, kwenye mazishi ya jirani. Aliporudi akatuonyesha video kwenye simu, tuone watu walivyojaa. Tukaangalia kwa adabu, kama watu wanavyoangalia msiba usiowahusu. Jeneza, kwaya, mchungaji. Mjukuu amesimama mbele ameshika picha ya marehemu kwenye fremu.

Rejeta akampokonya simu. "Mbona huyu ni Okota?"

"Okota yule wa hadithi zenu?" Kaaya akauliza. "Huyo ni Mzee Zefania Mbise."

Video ilikuwa inaendelea. Mshereheshaji alikuwa anaita watu kuweka mashada. Akaita watoto, wakaja. Akaita wajukuu, majirani, wazee wa kanisa. Kisha akasema, "Sasa tunawaomba wafanyakazi wenzake, madereva, waje na shada lao." Watu wakageuka kuangalia nyuma, wakidhani wenyewe wamekaa huko. Mshereheshaji akarudia, "Madereva wenzake?" Mtu akakohoa. Halafu yule binti wa kitenge cha kijani akainuka, akalichukua lile shada walilokuwa wametununulia, akaenda kuliweka peke yake.

Mimi nimewahi kupinduka na gari mlimani Sekenke na kutokea kwenye kioo cha mbele. Sikuwahi kujisikia vile. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, na nilikuwa nimekaa tu na kikombe cha chai. Bwana Harusi alikuwa anarudia, "Alikuja hapa. Si alikuja hapa? Alisimama hapa." Rejeta aliirudisha simu akaenda kusimama nyuma ya duka.

Kwenda tulitaka na kukwepa tulitaka. Nitawaambia ukweli, wiki nzima kila mmoja alipata udhuru: mara goti, mara mvua, mara mgeni kutoka Moshi. Mwisho Kaaya akachoka. "Wazee, kesho nawasha gari. Atakayekuwepo atapanda." Tukawa tupo wote watatu, tumebeba sukari na mchele na rambirambi kwenye bahasha, na shada kubwa kuliko inavyostahili.

Tulikata kona pale Usa River tukapanda kuelekea Momela. Njia nzima tulikuwa tunapanga nani ataongea. Nyati walikuwa wamelala karibu na barabara na hakuna aliyewageukia. Ile barabara ina kona mbaya na milima ya kushtukiza, nikawa najiuliza Okota aliipanda mara ngapi akirudi likizo, akimshukuru Mungu kwamba ilikuwa mchezo.

Mjane wake alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amekaa kibarazani anapukuchua mahindi. Tukamwamkia, tukampa pole. Akauliza sisi ni akina nani.

"Mimi ni Rejeta," akasema Rejeta, kwa mazoea.

Mama akamwangalia. Kaaya akaingilia haraka, "Mama, hawa ndio madereva wenzake na mzee."

Mama akaacha mahindi. Akainuka, na uso wake ukafunguka, jambo ambalo ndilo liliniumiza zaidi. "Mmefika! Basi msiniambie, ngojeni niwataje. Yupo Aminieli Swai wa Machame."

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Yupo Lazaro Mollel." Rejeta akaitika. "Na yupo Ramadhani Juma. Huyu, mzee wangu aliniambia ni Mwislamu, nikamwambia haidhuru, mtaje tu, Mungu anajua pa kumweka."

Bwana Harusi akainamisha kichwa. Ndiyo, ndipo nilipojua kwamba anaitwa Ramadhani.

"Amewajuaje?" nikauliza. "Sisi tulikuwa hatuambiani majina."

"Aliwauliza matingo wenu. Kila jioni kabla ya chakula lazima awataje, maana mko barabarani. Nilikuwa namwambia chakula kinapoa. Hata alipostaafu hakuacha. Siku za mwisho ndiyo alikuwa anasema, wakisikia tu watakuja." Akaketi tena. "Niambieni na ninyi. Wanasema madereva mna majina yenu ya njiani. Baba Neema mlimwitaje?"

Nilimwangalia Rejeta, Rejeta akamwangalia Ramadhani, na Ramadhani alikuwa anaangalia kuku. Ningeweza kudanganya. Kwa Mungu, nilikuwa nimeshaupata uongo, nilitaka kusema tulimwita Mwalimu.

"Tulimwita Okota, mama," nikasema.

Neema, yule binti wa kitenge cha kijani, alikuwa anatoka jikoni na mabakuli ya loshoro, mahindi ya maziwa ya mgando. Akasimama mlangoni. "Okota? Si ndiye mliyekuwa mnamcheka siku ile?"

"Ndiye," nikasema.

"Walikuwa wanamcheka nini?" mama akauliza.

Hakuna pa kukimbilia, nikaeleza. Mawe, vigingi, Bereko, wali, dumu la maji. Ile hadithi iliyotuvunja mbavu miaka yote, nilipoieleza pale kibarazani haikuwa na hata mahali pamoja pa kuchekesha. Nilipita palepale tulipokuwa tunapasuka, nikakuta mtu anachungulia korongoni anatutafuta. Rejeta alikuwa analia waziwazi, bila kitambaa.

Mama alikusanya punje za mahindi zilizomwangukia kangani. "Hakuniambia hilo," akasema. "Na magari yaliyokuja nyuma yake siku hiyo, yalipita salama?"

"Yalipita, mama."

"Haya, kuleni."

Laiti angetutukana. Mtu akikutukana unapata pa kushika. Tulikula ile loshoro, na Neema alituongezea kwa heshima zote bila kututazama usoni. Baadaye akatupeleka kaburini. Shada letu lilikuwa limeshanyauka kwa jua la kwenye gari. Tuliliweka kando ya lile aliloliweka yeye. Nikajaribu kumwambia samahani. Akasema, "Siku ile nilimwambia baba kwamba nimewakosa. Sikumwambia mengine." Akatangulia kurudi nyumbani.

Tunateremka kurudi, hatujaifikia Momela, tukakuta matawi yamekauka katikati ya barabara, na mbele yake mawe yamefunga nusu ya njia. Gari lilishapona likaondoka zake. Kaaya akakata usukani akayapita vizuri, kama mnavyoyapita ninyi na kama nilivyoyapita mimi. Tukasogea kidogo hivi.

"Kaaya, simama," nikasema.

Tukashuka wazee watatu. Goti la Ramadhani, mgongo wangu, pumzi ya Rejeta; ilikuwa ni kichekesho. Jiwe la kwanza lilitushinda, tukaliviringisha kwa miguu. Tulikuwa tumeinama wote likaja Fuso kutoka juu, limejaa matenga ya nyanya. Dereva kijana tu. Akapunguza mwendo, akapiga honi, akatoa kichwa dirishani.

"Wazee! Serikali inawalipa bei gani kwa kila jiwe?"

Vijana waliokaa juu ya matenga wakacheka. Fuso likapita likatuachia vumbi. Sijui huo utani aliupata wapi. Barabarani neno likishatoka halirudi yadi. Kama ni wewe na unasoma hapa, sina ugomvi na wewe.

Ramadhani akajifuta uso. Rejeta yeye alibaki ameinama, jiwe mikononi. Nilidhani kiuno kimemkamata, nikamshika bega.

"Aminieli," akasema bila kuinuka, "Mzee Mbise alikuwa anatujibu nini?"

Nikajaribu kukumbuka. Nilimwona Okota ameinama, nikaona mkono wangu kwenye honi, nikasikia tingo anacheka juu ya mzigo.

"Sijui," nikamwambia. "Tulikuwa tumeshapita."